Kazi ya Kutunza Wanyama Zanzibar: Mwongozo Kamili kwa Kijana Anayetaka Kuingia

Kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu, Zanzibar, asili yao ni visiwa vya Aldabra. Wanne wa kwanza waliletwa Zanzibar mwaka 1919, zawadi ya gavana wa Shelisheli. Walizaana vizuri kwa miaka mingi, kisha wizi ukaingia: wengine wakauzwa nje, wengine wakaliwa. Mwaka 1996 walihesabiwa wakapatikana 7 tu. Ndipo Serikali, ikisaidiwa na shirika la kimataifa la kutetea wanyama, ilipojenga uzio madhubuti na kuweka watu wa kuwaangalia.

Nimeandika kwa ajili ya watu hao wa kuwaangalia, na kwa kijana anayetamani kuwa mmoja wao. Uzio humzuia mwizi. Lakini kobe anaweza kuishi zaidi ya miaka 100, na miaka yote hiyo lazima awepo mtu anayejua kama leo ameamka vizuri au vibaya, kama anakula kwa hamu au kwa mazoea, kama ana la kufanya kuanzia asubuhi hadi magharibi.

Hapa kwetu kazi hii hutazamwa kama kibarua: fagia banda, tia maji, mshike chatu mgeni apige picha. Anayeingia haelezwi kitu, na anapotoka hana cha kuonesha. Kumbe ni fani kamili, ina elimu yake na ngazi zake, na unaweza kuianza ukiwa na cheti cha kidato cha nne, daftari moja na macho yaliyotulia.

Hatua ya kwanza: jua wanyama wako wapi

Zunguka kwanza kama mtazamaji, kabla hujapeleka barua popote. Changuu unaijua, boti zinaondoka Forodhani na ufukweni mwa Mji Mkongwe. Nungwi kuna mabwawa ya asili ya kasa. La Mnarani lilianzishwa mwaka 1993 na wenyeji wenyewe, na maji yake huingia na kutoka kwa kujaa na kupwa kwa bahari. Muungoni ipo Zala Park, yenye nyoka, kinyonga na watambaazi wengine. Pete, karibu na msitu wa Jozani, kuna kituo cha vipepeo, ambako wanakijiji huwalea viwavi hadi wanapojifunga, kisha huwauza kwa kituo hicho. Kisiwa cha Chumbe kimekuwa hifadhi tangu 1994, na paa nunga walipelekwa huko ili wapate pahala salama pa kuishi.

Pemba hali ni tofauti. Popo wakubwa wa Kidike na wanyama wa msitu wa Ngezi wako huru, kwa hiyo kazi huko ni ya ulinzi na ya kuwaongoza wageni wasiwasumbue. Nafasi nyingi zaidi ziko kwa wanyama wa nyumbani: ng'ombe, mbuzi, punda, na mbwa wanaohitaji chanjo.

Wengi wanasahau kundi moja, nami naliona ndilo kubwa kuliko yote. Ni punda na ng'ombe wanaovuta magari ya mchanga, matofali na kuni, Unguja na Pemba. Hawa nao wako mikononi mwa binadamu, na wanaangaliwa na watu ambao hawajawahi kufundishwa namna ya kufunga hatamu (kamba na mikanda ya kuvutia gari) isichune shingo. Ukijifunza kumhudumia punda wa gari kwa usahihi, huna haja ya kusubiri bustani yoyote ikuajiri. Kazi iko njiani, kila siku.

Serikalini, mlango uko kwenye wizara inayoshughulikia kilimo, maliasili na mifugo, ambamo zimo huduma za mifugo na misitu. Mambo hayo si ya Muungano, Zanzibar ina sheria zake, na msitu pamoja na wanyama wake unalindwa chini ya sheria Na. 10 ya 1996. Tanzania Bara ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Zisome zote mbili. Mtunzaji anayejua sheria husikilizwa na meneja.

Hatua ya pili: chagua njia ya masomo

Njia ziko tatu.

Ya kwanza ni ya udaktari wa mifugo. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kinafundisha shahada hiyo kwa miaka 5. Inahitaji Biolojia na Kemia nzuri za kidato cha sita. Ni ndefu, lakini ndiyo inayokupa haki ya kutibu na kuandika dawa.

Ya pili ni cheti au diploma. Kwa afya na uzalishaji wa mifugo kuna vyuo vya Wakala wa Mafunzo ya Mifugo, LITA, Bara. Cha Buhuri kiko Tanga, na kwa Mpemba Tanga si mbali. Hapa Unguja, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kina skuli ya kilimo Kizimbani. Kwa wanyamapori kuna Chuo cha Mweka, Kilimanjaro, kilichoanzishwa mwaka 1963, na Pasiansi, Mwanza. Anayependa kasa na samaki aifuatilie Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo iko hapa hapa Unguja.

Ya tatu ni kujifunza kazini. Watunzaji wengi ninaowaheshimu walipita hapa: waliingia kufagia, wakauliza maswali, wakabaki. Ukichagua njia hii jiongezee masomo ya intaneti. Chuo Kikuu cha Edinburgh, kwa mfano, kimekuwa kikitoa kozi ya tabia na ustawi wa wanyama kupitia Coursera. Kozi hizi ni za Kiingereza, kwa hiyo Kiingereza chako kinolewe. Utakihitaji pia kwa wageni na kwa kuandika ripoti.

Ushauri wangu kwa mwenye kidato cha nne ambaye familia yake haina uwezo wa ada sasa hivi: anza na ya tatu, weka akiba, kisha nenda kwenye ya pili ukiwa na uzoefu. Ukikaa darasani baada ya kuwa umemshika mnyama, kila somo lina pa kujishika.

Hatua ya tatu: jifunze kumsoma mnyama

Mwaka 1965, Uingereza, kamati iliyochunguza mifugo ya kufungiwa ilisema mnyama ana haki angalau ya kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo. Kutoka hapo yakazaliwa mambo matano ambayo mpaka leo hufundishwa kila pahala: mnyama asipate njaa wala kiu, asikose raha ya pahala pa kukaa, asiachwe na maumivu na maradhi, aweze kufanya mambo ya asili yake, asiishi kwa hofu. Mwaka 1994, New Zealand, wataalamu Mellor na Reid wakapendekeza namna nyengine ya kupima: lishe, mazingira, afya, tabia, na mwisho kabisa hali ya nafsi ya mnyama, ambayo hizo nne ndizo zinazoijenga.

Hilo la nafsi lisikushangaze. Sisi tumekua tukisikia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu alimfungia paka, hakumpa chakula wala hakumwachia ajitafutie mwenyewe. Hadithi hiyo inagusa mambo mawili kwa pamoja: tumbo la mnyama, na uhuru wake wa kutafuta. Uchangamshaji wa wanyama, ambao nitaueleza mbele, unasimama kwenye hilo la pili.

Sasa chukua daftari. Chagua mnyama mmoja, kaa pahala ambapo hatakujali, na kila baada ya dakika 10 andika anachofanya kwa wakati huo. Ukurasa wako uwe hivi:

Saa 2:00 asubuhi. Kobe jike mwenye alama ya kijani. Amelala kivulini, kichwa ndani.
Saa 2:10. Pale pale. Kichwa nje, macho wazi.
Saa 2:20. Anatembea kufuata uzio wa magharibi.
Saa 2:30. Bado anafuata uzio, ameanza mzunguko wa pili.
Saa 2:40. Wageni wanne wameingia na majani. Amekwenda kwao, anakula.
Saa 2:50. Wageni wametoka. Amerudi kwenye uzio.

Usiandike "kobe ana huzuni" wala "kobe amechoka na wageni". Andika alichofanya tu. Huzuni ni hukumu, na hukumu hutolewa baada ya kurasa nyingi. Baada ya wiki utaona jambo ambalo hata aliyefanya kazi hapo miaka 10 huenda hajaliona, kwa mfano kwamba kutwa ya kobe yule ina mambo mawili tu: uzio, na majani ya wageni.

Mambo ya kukushtua ni yale yanayojirudia bila faida yoyote kwa mnyama: kima anayekwenda na kurudi kwenye njia ile ile hadi ardhi imelika, punda anayeyumbisha kichwa akiwa amefungwa, kasuku anayejinyonyoa manyoya ya kifua, kasa anayeogelea duara lile lile. Kwanza muulize daktari kama kuna ugonjwa. Kasuku anayejinyonyoa anaweza kuwa na vimelea. Afya ikishathibitishwa ndipo utafute la kumfanyia.

Na jifunze mnyama huyo anaishije akiwa huru. Nenda Jozani ukawatazame kima punju. Wanakula majani machanga, na wale wanaoishi karibu na mashamba hula majani ya mwembe na mkungu, kisha hutafuta makaa ya kuni kwenye tanuri na mashina yaliyoungua wakayatafuna. Watafiti wamegundua kwamba makaa hunasa sumu iliyomo kwenye majani hayo. Hakuna binadamu aliyewafundisha. Mnyama mwenye mahitaji ya ndani namna hiyo, ukimtia bandani na ndizi mbili kwa siku utamuua. Ndiyo maana kima punju hafai kufugwa kabisa, na kazi yako kwake ni kumwacha msituni kwake.

Hatua ya nne: wachangamshe

Mnyama aliye porini ana kazi tangu alfajiri: kutafuta chakula, kukimbia hatari, kuchagua kivuli, kugombana na wenzake, kutengeneza pa kulala. Tukimfungia tunamnyang'anya kazi hizo zote na kumwachia bakuli. Uchangamshaji ni kumrudishia sehemu ya kazi zake, kwa njia iliyo salama. Kuna kumchangamsha kwa chakula, kwa harufu na sauti, kwa namna banda lilivyotengenezwa, kwa wenzake, na kwa fumbo la kumfanya afikiri.

Wengi wanadhani kunahitaji vifaa vya Ulaya. Zanzibar tuna mnazi, na mnazi unatosha kuanzia. Makumbi, vifuu, makuti, kamba za kumbi, pakacha, fagio za chelewa: vyote ni vya asili, ni rahisi kupatikana na vikiharibika unatengeneza vyengine.

Kwa kobe wa Aldabra, suka pakacha la makuti, lijaze nyasi, ulitundike kimo cha shingo yake akiinyoosha. Nyasi zile zile alizokuwa akizikuta chini na kuzimaliza mara moja, sasa ainuke, avute, lirudi nyuma, avute tena. Nyengine zisambaze pembe zote za uwanja ili atembee. Weka dimbwi la tope, kwa sababu hupenda kujilaza humo kupoza mwili. Kobe mkubwa dume hufika kilo 250 na jua kali linaweza kumuua akikosa kivuli, kwa hiyo vivuli viwe vingi na vya kutosha wote, au wakubwa watawafukuza wadogo. Funga brashi ngumu ya sakafu kwenye nguzo imara, kimo cha gamba. Utamwona anakuja mwenyewe kujisugua. Kabeji na mboga laini za wageni ziwe kidogo sana, chakula chake hasa ni nyasi.

Kwa kima wa kufugwa na tumbili, toboa kifuu kizima matundu madogo, tia njugu na vipande vya ukwaju, ukitundike kwa kamba fupi. Mwanzi wenye matundu hufanya kazi hiyo hiyo. Wape matawi mabichi yenye majani kila siku, wachambue wenyewe. Ukiwa na kima watano weka vifuu saba, maana vikiwa pungufu mkubwa atavishika vyote na siku itaishia kwa kung'atana.

Chatu wengi wanadhani hahitaji kitu. Mpe magogo mawili ya kujificha, moja upande wa joto na moja upande wa baridi, achague mwenyewe. Mpe tawi nene la kupanda na beseni la maji linalomtosha mwili mzima. Siku moja moja chukua majani makavu kutoka banda la sungura uyaweke kwake. Utaona ulimi unavyofanya kazi, na atazunguka banda zima kuifuata harufu.

Kasuku wa kijivu yumo kwenye baadhi ya nyumba za mjini, japo biashara ya kimataifa ya kasuku hawa wa porini ilizuiwa tangu 2017. Anahitaji kutafuna. Mpe matawi mabichi ya mpera, gunzi la mahindi lenye punje zake, kipande cha kumbi akichambue. Parachichi usimpe kamwe, ni sumu kwa ndege. Zaidi ya yote anahitaji mtu wa kukaa naye, kwa kuwa ni ndege wa kundi.

Kwa kasa wa bwawani, funga mwani kwenye kamba ya kumbi uliyoitia jiwe izame, kama wanavyofunga kinamama wa Paje na Jambiani mashambani mwao, aogelee na kuunyofoa. Usitumie kamba za plastiki, kipande kikikatika kitaishia tumboni mwake. Wageni wakiruhusiwa kuingia majini, wasiwe wamejipaka mafuta ya jua. Na watoto wa kasa waliototolewa wanataka bahari, waende haraka wakiwa bado na nguvu zao. Kituo kinachowaweka beseni miezi mingi ili wageni wawashike, kwangu mimi hakitunzi kasa.

Punda umpe mwenzake. Punda wa peke yake hunyong'onyea. Mpe mchanga mkavu wa kugaagaa baada ya kazi, kivuli, maji kabla na baada ya safari, na paa la kujikinga masika, kwa sababu manyoya yake hayazuii mvua vizuri. Magunia chini ya hatamu yawe safi na makavu. Fimbo iondoke mkononi mwa mvulana wa gari.

Sasa namna ya kuiendesha kazi yenyewe ili isiwe mchezo. Anza na lengo moja lililotoka kwenye daftari lako: "apunguze kufuata uzio asubuhi". Mueleze mkuu wako na daktari unachotaka kuweka, wakubali. Kikague kifaa: kina msumari, waya, kitanzi cha kunasa shingo au kidole, nyuzi ndefu za kumezwa? Kiweke ukiwepo, usiondoke mara ya kwanza. Andika siku tatu kabla, siku tatu kikiwepo, na siku tatu kikiondolewa, kwa saa zile zile. Linganisha. Kama hakikubadilisha kitu, kibadilishe au kiache. Kilichofaulu nacho usikiache kikae wiki nzima, kitakuwa sehemu ya ukuta. Kizungushe na vyengine, na siku zisiwe zile zile.

Misimu nayo iingie kwenye mpango. Kaskazi ikishika moto, mambo ya tope, maji na kivuli ndiyo ya mwanzo. Masika makumbi yanaota ukungu haraka, yatolewe kila jioni.

Hatua ya tano: fundisha kwa zawadi

Siku ya kuchoma sindano au kupima uzito, mtunzaji asiyejua hutumia kamba na watu wanne. Anayejua huwa amemfundisha mnyama wiki nyingi kabla. Chukua fimbo yenye mpira mwekundu nchani. Mnyama akiugusa, au hata akiuelekea, toa sauti fupi ile ile kila mara kisha umpe kitu anachokipenda. Kidogo kidogo mpira unasogea, na yeye anasogea nao hadi juu ya mizani. Akikataa leo, basi, kesho. Hakuna kupiga wala kunyima chakula cha siku.

Usidhani ni kwa duma na pomboo tu. Watafiti waliwafundisha kobe wakubwa wa Aldabra na wa Galápagos kugusa mpira wa rangi aliyopangiwa kila mmoja, na waliporudi kuwajaribu baada ya miaka 9, baadhi yao walikuwa bado wanakumbuka. Kobe unayemburuta leo atakukumbuka pia.

Hatua ya sita: jilinde mwenyewe

Chanjo ya pepopunda iwe hai. Kama utafanya kazi na mbwa, paka au kima, ulizia chanjo ya kichaa cha mbwa kabla ya kuanza. Pemba iliwahi kuuondoa ugonjwa huu kwa kuchanja mbwa, ukaingia tena mwaka 2016, ikabidi kampeni zirudi upya. Usijiaminishe kwamba kisiwa ni ngome. Ukiumwa au kukwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo.

Kobe na nyoka hubeba bakteria wa kuharisha, kwa hiyo mikono ioshwe kila utokapo, na chai isinywewe bandani. Buti za mpira ziwe za kazini tu, usiende nazo nyumbani.

Hatua ya saba: ingia

Anza kwa kujitolea, lakini kwa masharti. Kabla hujapeleka barua, nenda pale unapopataka mara kadhaa kama mgeni, jaza kurasa za daftari kuhusu mnyama mmoja, kisha muombe mkuu wa watunzaji dakika chache. Mara nyingi ni mtu mzima ambaye hakusoma sana na anajua mengi. Muamkie kama inavyostahiki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

"Ahsante. Nimekuwa nikimtazama huyu kobe mwenye alama ya kijani asubuhi. Naona anapenda kuufuata uzio wa magharibi. Huko nyuma kulikuwa na nini?"

Swali kama hilo linafungua mlango ambao vyeti peke yake havifungui. Atakueleza kwamba upande ule ndiko lilikokuwa banda la zamani, au ndiko linakopita gari la majani. Umepata mwalimu, na yeye amepata mtu anayeona anachokiona yeye.

Kwenye barua yako ambatisha nakala ya kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, barua ya sheha, vyeti vya skuli, na kurasa mbili au tatu za daftari zilizoandikwa vizuri. Kubalianeni kwa maandishi: miezi mingapi, siku ngapi kwa wiki, nauli na chakula ni vya nani, na mwisho utapewa barua ya kazi ulizofanya. Kujitolea kusikokuwa na mwisho ni kutumikishwa, usikubali.

Kuhusu malipo, uulize wazi kabla ya kuanza. Baadhi ya pahala mshahara ni mdogo na mtunzaji anategemea bahashishi za wageni. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa mgeni hutoa zaidi akishikishwa mnyama, na mnyama hushikishwa zaidi. Kama wewe ni meneja unayesoma haya, tafadhali utenganishe riziki ya mfanyakazi na kumshika mnyama. Weka sanduku moja la wote.

Jifunze pia kukataa kwa adabu. Mgeni akitaka kumkalia kobe au kumvisha mtoto wake chatu shingoni, usimgombeze. Mwambie: "Njoo nikuoneshe kitu kizuri zaidi", umpeleke kwenye pakacha, amwone kobe anavyonyoosha shingo na kuvuta. Wengi huridhika, na ndio wanaouliza maswali mazuri.

Kuna sehemu usifanye kazi hata kama zinalipa: pale wanyama wa porini wanapokamatwa ili waonyeshwe, pale komba wanaotembea usiku wanapoamshwa mchana kwa picha, pale mnyama mgonjwa anapofichwa badala ya kuitiwa daktari. Ukikuta hivyo andika tarehe na ulichokiona, zungumza na mkuu wako kwanza, na asiposikia nenda kwenye ofisi ya misitu au ya mifugo ya wilaya. Nenda na kumbukumbu, usiende na maneno matupu.

Ukishakaa mwaka mmoja au miwili ngazi zinaanza kuonekana: mtunzaji mkuu, msimamizi wa chakula, mfundishaji wa watunzaji wapya, mwelimishaji wa wanafunzi wa skuli, msaidizi wa watafiti wanaokuja Jozani au Chumbe. Hiyo ya mwisho hulipa vizuri na inawatafuta hasa watu wenye mazoea ya kuandika. Wengine hufungua huduma yao wenyewe ya kwato, vidonda na hatamu za punda, kijiji kwa kijiji, wakishirikiana na bwana mifugo wa eneo.

Kuhusu wakati wa kuomba: usiende Julai, Agosti wala Disemba, wageni ni wengi na hakuna wa kukusikiliza. Nenda Aprili au Mei, mvua za masika zikinyesha. Wageni wamepungua, mabanda yanahitaji kukarabatiwa, makuti yanabadilishwa, na mzee ana muda wa kukaa kibarazani nawe akakufundisha. Chukua buti, koti la mvua, na daftari ndani ya mfuko wa nailoni lisirowe.